Ekzosi Nyeusi na Sufuria ya Ezekieli



Somo letu juma hili ni Ezekieli sura ya 24, aya ya 1 hadi ya 14: habari ya sufuria yenye kutu. Si somo linalopendwa. Halina kondoo aliyepatikana wala harusi ya Kana, na likisomwa kanisani watu huinamisha macho wakingoja liishe. Safari hii naomba tulisome tukiwa gereji. Mjini kwetu hapa siwajui watu wanaoshindana na kutu mchana kutwa kuwashinda mafundi pikipiki, wale wa Unga Limited, wa Kijenge, wa Mbauda, na wale wa chini ya miti kandokando ya barabara ya kwenda Ngaramtoni. Moja ya kazi zao ni kuirudishia ekzosi weusi wake.

Ekzosi ya Boxer au ya TVS hutoka dukani ikiwa nyeusi tii. Ikishaonja masika ya barabara zetu, ule weusi huanza kukimbia. Hutangulia pale bomba linapokunja kona kutoka kwenye silinda, penye moto mkali kuliko pote. Hufuata kwenye maungio ya kuchomelea, kisha tumboni, upande wa chini, ambako tope la gurudumu la mbele hurukia. Na sisi tunaishi miguuni pa volkano. Mlima Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, lakini majivu yake ya kale ndiyo udongo wetu. Ndiyo yanayostawisha migomba na kahawa huko juu, na ndiyo vumbi lile laini la kijivu linalojipenyeza kila penye upenyo na kunyonya umande wa usiku. Chuma kilichovaa vumbi bichi hakikauki upesi. Ikifika Julai, pikipiki inayolala nje Sakina au Moshono ina ekzosi ya rangi ya hudhurungi.

Mwenye pikipiki akifika kwa fundi ana kazi mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya dakika kumi: fundi anapangusa vumbi kwa kitambaa, anatikisa kopo, anapuliza, kijana anapanda anaondoka, na ukimwona kwa mbali utasema chombo kimetoka dukani jana. Ya pili inakula nusu siku. Hiyo ya pili niliitazama Kijenge kwa fundi mmoja asiyependa maswali, ila alinipindulia ndoo nikakaa. Nilichojifunza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya rangi haihusu rangi hata kidogo.

Kwanza anafungua. Nati mbili zinazoishika ekzosi kwenye kichwa cha silinda zimeng'ang'ana kwa kutu na moto, kwa hiyo anazilowesha mafuta, anakwenda kunywa chai, anarudi anazigusa kwa spana polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Akitumia ubavu boliti itakatikia ndani, na kazi ya rangi itageuka kazi ya kutoboa. Ekzosi ikishatoka anaiosha kwa maji ya sabuni, anaianika juani, halafu anaanza kukwangua: brashi ya waya kwa magamba makubwa, msasa kwa yaliyobaki, na kijipande cha msasa kilichokunjwa kwa ajili ya vikunjo vya kuchomelea ambako brashi haiingii. Hapo ndipo muda ulipokwenda. Kila nilipodhani amemaliza aliigeuza, akaielekeza kwenye jua, akaona doa jingine, akarudi kuchuchumaa. Kisha akaligonga tumbo la bomba kwa kifundo cha kidole, huku na huku, akisikiliza. Palipolia vizuri alipita. Palipotoa sauti butu aliweka alama ya chaki, maana hapo chuma kimeliwa kwa ndani na lililobaki ni ganda. Hapo panataka kukatwa na kuwekewa kiraka kabla ya lolote.

Akaifuta yote kwa kitambaa chenye thina, na baada ya hapo hakuigusa tena kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole cha mtu yanatosha kuizuia rangi isishike. Akaitundika kwa waya kwenye tawi la mparachichi. Rangi ilipigwa kwa mapito mepesi, mkono hausimami, tabaka la kwanza jembamba hata chuma kinaonekana. Akasubiri. La pili. Akasubiri tena. Mtu akiiweka nene ili amalize haraka, moto utachemsha kilichofungiwa chini na rangi itatoka malengelenge.

"Nikipuliza hivihivi bila kukwangua, baba mchungaji," aliniambia, "wiki ijayo huyu dogo atarudi kunitukana. Na atakuwa na haki yake."

Kumbe bado hajamaliza. Rangi hii haikomazwi na jua wala upepo. Ukiigusa baada ya saa moja utasema imekauka, haichafui kidole, lakini kucha inaichuna na petroli ikidondokea inaivua. Rangi ya kawaida, ile ya geti au ya kitanda cha chuma, hushikwa na resini ambazo zikikaribia nyuzi 200 za Selsiasi huanza kuharibika: zinanuka, zinapasuka, zinakuwa majivu. Rangi ya ekzosi hushikwa na resini ya silikoni, ambayo uti wake wa mgongo umejengwa kwa silikoni na oksijeni, vitu vilevile vinavyojenga mchanga. Uti huo hauogopi moto. Huungoja. Ukipata joto la nyuzi mia mbili hivi ndipo unapofungamana na kuwa kitu kimoja na chuma. Na weusi wake hutokana na oksidi za metali kama chuma na manganizi, yaani vitu vilivyokwisha kushikana na oksijeni tangu zamani, visivyo na cha kuungua tena. Ndiyo maana kopo huandikwa linastahimili nyuzi 600 au zaidi, na ndiyo maana ukijaribu kuokoa shilingi chache kwa kununua rangi ya geti, umenunua moshi.

Moto wenyewe hutolewa kwa kipimo. Ekzosi inafungwa, pikipiki inapigwa kiki, inaunguruma taratibu kama dakika kumi. Moshi mwembamba unatoka juu ya bomba zima, wenye harufu ya kukereketa, na mwenye chombo asiyejua hushtuka akadhani ameunguziwa mali. Fundi anazima. Anaacha ipoe kabisa, mpaka mkono uvumilie kuishika. Anawasha tena, safari hii muda mrefu zaidi. Anazima, inapoa. Halafu ndipo kijana anaambiwa aende nayo mzunguko mfupi bila mzigo. Akiichukua ikiwa mbichi, akapakia mifuko miwili ya saruji na kupanda nayo Ilboru, ile kona ya silinda itafika mamia ya nyuzi kwa mara moja na rangi itapasuka kabla haijashikana. Rangi ni ileile na moto ni uleule. Kinachotofautiana ni kwamba mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kuzima.

Hapa nichepuke kidogo kwa ajili ya mama zetu na watoto wa shule wanaopanda bodaboda. Ekzosi nyeusi haikuonyeshi kwamba ina moto. Kwenye pikipiki nyingi za hapa iko upande wa kulia, kwa hiyo pandeni na kushuka upande wa kushoto. Mtu akiungua mguu, ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, basi. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si unga. Nimeona makovu mengi mno kwenye mashavu ya miguu ya washarika wetu, na mengi yangekuwa madogo kuliko yalivyo.

Tumrudie Ezekieli. Alikuwa uhamishoni, katika nchi ya Babeli, mbali mno na Yerusalemu, pasipo njia yoyote ya kupata habari za siku hiyo. Neno linamjia na kumwagiza aiandike tarehe: mwaka wa tisa, mwezi wa kumi, siku ya kumi. Wataalamu huiweka Januari mwaka 588 kabla ya Kristo. Ndiyo siku mfalme wa Babeli alipouzingira mji. Na ujumbe wa siku hiyo kubwa ni habari ya jikoni. Teleka sufuria, mimina maji, tia vipande vya nyama vizuri, paja na bega, panga mifupa mizuri, chochea. Kufikia hapo mtu anaanza kuona njaa. Ndipo maneno yanapogeuka: ole wake sufuria hiyo, kwa maana kutu yake imo ndani yake, nayo haijatoka. Sufuria ni ya shaba, na kutu ya shaba ina sumu. Nyama hiyo nzuri yote imepikwa ndani ya sumu.

Kinachofuata ndicho kinachonishika. Nyama inatolewa kipande kwa kipande, kisha sufuria inarudishwa motoni ikiwa tupu. Haina maji wala kitoweo. Inakaa juu ya makaa mpaka shaba yenyewe iwe nyekundu na ile kutu iishie humo. Nabii anaeleza na sababu: taabu yote ya kusugua imeshindikana, kutu ni nyingi haikutoka. Yerusalemu ilikwisha kupata matengenezo. Mfalme Yosia alikuwa amefanya yake, hekalu likasafishwa, torati ikasomwa mbele ya watu wote, pasaka ikafanywa ambayo mfano wake haukuwa umeonekana siku nyingi. Yalikuwa mazuri yote, na hata miaka arobaini haikupita mji umerudi ulikokuwa.

Fundi wetu angeelewa upesi, kwa sababu na ekzosi ina kutu isiyofikiwa na brashi. Petroli ikiungua hutoa maji, na si machache: kila lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja ya maji, yanayotoka kwa bomba la nyuma yakiwa mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba linapata moto wa kutosha, mvuke wote unapita. Lakini pikipiki ya safari fupifupi, Sanawari hadi Kilombero, inazimwa, inasubiri abiria, inawashwa, inazimwa tena, na asubuhi zetu hizi za baridi ya Juni, bomba lake halipati moto wa kweli. Mvuke unageuka matone, matone yanakaa chini ya tumbo la ekzosi, yamechanganyika na asidi za moshi, yanakula chuma kutoka ndani kuja nje. Nyingi zimetobolewa kitundu kidogo upande wa chini ili maji hayo yadondoke, na vijana wengine hukiziba kwa kudhani ni ubovu. Siku doa la kwanza linapojitokeza nje, huko ndani kulikwisha kuharibika zamani. Hapo kupuliza rangi ni kuipamba maiti.

Wapendwa, sisi wa kanisa ni wepesi mno wa kupuliza. Nazungumzia suluhu zetu.

Mnajua zinavyokwenda. Huko juu ya barabara, kwenye migomba na kahawa, baba amelala usingizi wa milele na kuacha wana watatu. Shamba ni lilelile, watu wameongezeka. Usiku mmoja masale ya mpaka yanahama hatua mbili. Mjane wa yule ndugu wa tatu anaambiwa arudi kwao, kana kwamba miaka ishirini aliyolima pale alikuwa mgeni. Maneno yanafika kwa wazee wa kanisa. Tunakwenda Jumamosi jioni, watu wanne watano. Tunafungua kwa wimbo, tunasoma zaburi, kila upande unasema kidogo, na mara tu sauti zinapoanza kupanda mmoja wetu anaingilia kati: jamani, yaliyopita si ndwele. Mikono inashikwa. Kreti la soda linaletwa. Picha inapigwa na kupelekwa kwenye kundi la ukoo kabla hatujafika getini.

Ile ni methali nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini nimechunguza kwa muda, na mara nyingi anayeitamka wa kwanza ni yule aliyehamisha masale.

Halafu moto unakuja. Nao hauji siku ya kikao, unakuja siku ya msiba, pale jeneza linapongoja na watu wanabishana kaburi lichimbwe upande gani, kwa sababu kaburi ni hati. Au unakuja wakati wa kuvuna parachichi, au mtu wa mjini anapofika na fedha ya kununua kiwanja. Suluhu yote inamwagika mbele ya wageni, na watu wanasema kanisa lilipatanisha bure. Hatukupatanisha. Tulipiga rangi juu ya vumbi.

Dola inatuzidi subira katika hili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu za ardhi. Limeachiwa kusuluhisha tu, na limepewa siku 30 za kufanya hivyo kabla shauri halijakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30! Sisi tumewahi kumaliza shauri la vizazi viwili kati ya ibada ya kwanza na ya pili.

Na katika mlima huu kidonda cha ardhi hakikuanza na hao ndugu watatu. Novemba mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili mashamba yapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, watu wakaswagwa na mifugo yao. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuyasema hayo kwa niaba ya watu wake. Ni jambo la kujivunia na tunawafundisha watoto. Lakini yapo na ya kwetu wenyewe tusiyowafundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru walifarakana juu ya kuwa na dayosisi yao, mpaka vurugu zikaingia kati ya jirani na jirani, ndugu na ndugu. Dayosisi ya Meru ikapatikana, na wengine wakatoka kwenda zao. Wazee waliokuwa vijana siku zile hupunguza sauti wanapoyataja, au huomba tuzungumze mengine. Miaka zaidi ya thelathini imepita. Sisemi tukayafukue kwa ubishi. Nasema tusishangae bomba likitoa sauti butu tunapoligonga.

Kwa hiyo tukae na nabii juu ya neno hili moja, sufuria tupu. Kwa nini isisafishwe ikiwa na nyama ndani? Kwa sababu mwenye njaa ataiepua mapema. Ikiwa tupu hakuna anayengoja kula. Mzee aliyeahidiwa kipande cha kiwanja, au anayemdai mmoja wa wagombanao, au anayetaka kugombea uenyekiti wa kitongoji mwakani, ana nyama yake humo. Asikae kwenye kikao hicho. Na sisi wachungaji tuna nyama yetu pia: tunataka amani ipatikane kabla ya sikukuu ya mavuno ili familia yote ije na vikapu. Njaa hiyo hutufanya tuepue sufuria kutu ikiwa bado ngumu.

Halafu ni moto wa kipimo. Kikao cha kwanza kiwe cha kukwangua tu: nani alipanda masale wapi, mwaka gani, mbele ya nani, na mjane aseme mpaka amalize, hata kama sauti yake inapanda. Kisha waachwe wapoe. Siku tatu, wiki. Kikao cha pili kiwe kirefu zaidi, kwenye shamba lenyewe, watu wamesimama juu ya mpaka na si kwenye viti vya sebuleni. Kisha wapoe tena. Moshi utatoka na utakereketa, na watu watatuuliza kwa nini tunawasha moto katika familia za watu. Tuwe na majibu.

Kuna jambo moja nisiloweza kuliacha, maana najua jinsi somo hili linavyoweza kutumiwa vibaya. Kijana wa bodaboda akilisikia atajiuliza: basi dhiki yangu ndiyo moto wa Mungu? Yeye pikipiki ni ya mkataba. Kila siku anampelekea bosi hesabu, elfu nane au elfu kumi, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo, kwa mwaka mzima au zaidi ndipo chombo kiwe chake. Akiugua malaria siku tatu, deni halikuugua. Ukimwambia huyo kwamba Bwana anamkomaza, umemsaidia bosi wake, hukumsaidia yeye. Moto ule unakomaza kwa sababu yupo wa kuzima. Pikipiki isiyozimwa wala kupozwa haikomai, inakufa injini.

Nao washarika wenye pikipiki za mkataba tunao, wengine wanakaa viti vya mbele. Wapo wanaosamehe hesabu ya Jumapili ili kijana apumzike au aende ibadani, na wapo wanaosamehe siku za ugonjwa. Mungu awabariki. Wapo na wanaozilimbikiza siku hizo mwisho wa mkataba, na karibu na mwisho huohuo wanatafuta sababu ya kuchukua chombo, wakipulize rangi ekzosi, wakikabidhi kwa kijana mwingine kama kipya. Mnajijua. Nitakuja kuwatembelea, na sitakuja kwa ajili ya ahadi ya jengo.

Ezekieli mwenyewe hakuachwa ahubiri moto wa wenzake huku yeye yuko kivulini. Someni aya zinazofuata, za 15 hadi 18. Sura ni ileile. Mke wake, ambaye maandiko yanamwita kitu cha kupendeza macho yake, anafariki jioni, na nabii anakatazwa kulia kwa sauti, kuvua kilemba, kula chakula cha matanga. Kwa mila zetu za hapa, ambako mtu hukaa msibani siku nyingi na majirani wakapika, amri hiyo inatisha kuliko habari ya sufuria. Siwezi kuielezea, na wafafanuzi niliowasoma hawajanitosheleza. Naona tu kwamba aliyepewa neno gumu kwa ajili ya Yerusalemu hakulipewa akiwa mtazamaji. Mhubiri ambaye hajawahi kukwanguliwa na mtu yeyote, ambaye wazee wake wanaogopa kumgonga wasikie analiaje, asishike somo hili.

Wamaasai wa zamani waliwatenga wahunzi wao, il-kunono. Mkuki ulitoka kwao na kila moran aliutegemea, lakini mtu hakutaka kuoa kwao wala kula nao. Nimelikumbuka hilo kwa sababu juzi mama mmoja aliniuliza kwa upole kwa nini nakaa kwenye ndoo gereji wakati ofisi ipo. Mama yangu, ofisini watu huja wakiwa wamekwisha kujipuliza rangi. Gereji wanaleta chombo kikiwa kama kilivyo, na fundi anawaambia ukweli kabla ya kutaja bei.

Matangazo mawili yanayohusiana na haya. Vijana wa vijiwe vya karibu na usharika wanakaribishwa Jumamosi saa nane mchana, uwanja wa nyuma. Fundi amekubali kuja na brashi, msasa na makopo. Kila mmoja alete ekzosi yake ikiwa imeoshwa, na asilete rangi ya geti. Kazi itachukua mchana wote, kwa hiyo waambieni mabosi mapema. Bosi atakayeleta neno juu ya hesabu ya mchana huo anione mimi.

La pili ni kwa wazee watano wanaopanda Alhamisi kusikiliza lile shauri la mpaka. Mjane ataongea wa kwanza, nimekwisha kumwahidi. Chukueni futi kamba ndefu, na yule mwenye madai yake pale, naye anajijua, abaki nyumbani. Na kamati ya akina mama, ambayo kwa wema wake tayari imeulizia idadi ya watu, naomba isiagize soda mpaka kikao cha tatu.